Soli Iliyobaki Ukumbini

Muuza mitumba alinishushia sauti kama mtu anayetoa siri ya nchi. Raba alizoshika, alisema, ndizo zile ambazo Michael Jordan alipigwa marufuku kuzivaa huko Marekani. Nikamsahihisha. Zilizoleta maneno na ligi ya kikapu ya NBA mwaka 1985 zilikuwa nyeusi na nyekundu, na wajuzi wengi wanaamini hata hizo hazikuwa Air Jordan 1 bali Nike Air Ship. Kampuni iliona kisa ni kitamu, ikakigeuza tangazo la biashara. Hizi nyeupe, nikaendelea, ni Air Jordan 4, kazi ya mbunifu Tinker Hatfield, zilizotoka mara ya kwanza 1989. Na jozi hii hasa ni ya toleo la marudio la 1999. Kaka yule alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akapandisha bei.

Nikalipa; najua sokoni mdomo una gharama. Lakini nani atanyamaza mbele ya Jordan 4? Tarehe 7 Mei 1989, Chicago Bulls wakiwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Cleveland Cavaliers na sekunde 3 tu zimebaki, Jordan aliruka, Craig Ehlo wa Cavaliers akaruka naye, Ehlo akatua kwanza. Mpira ukaingia, 101 kwa 100. Miguuni alikuwa na 4 nyeusi.

Mwaka huohuo Spike Lee alitoa filamu yake ya Do the Right Thing, ambamo kijana Buggin' Out anachafuliwa 4 zake nyeupe na Mzungu mwenye baiskeli, na vijana wa mtaa huo wa Brooklyn wanakusanyika kudai haki. Mimi nilikanyagwa kwenye daladala ya Mbagala. Hakuna aliyekusanyika. Konda aliniambia kama sitaki kukanyagwa nikapande bajaji.

Basi nikazifuta, nikazirudisha kwenye boksi, boksi nikaliweka juu ya kabati, zisubiri shughuli ya heshima.

Kumbe raba za namna hii huwa zinafia kabatini. Ile sehemu nene iliyo juu ya soli ni povu la poliyurethani, na adui wa poliyurethani ni unyevu. Maji yaliyomo hewani hulipenya taratibu na kukata minyororo ya molekuli zake, mpaka linabaki na sura ya kiatu lakini halina tena nguvu ya kiatu. Wakusanyaji wazoefu wanashikilia kwamba jozi inayovaliwa mara kwa mara huchelewa kumeguka kuliko iliyofungiwa. All Star za Converse, zilizoanza 1917, hazina tatizo hili. Ni turubai na mpira, basi. Sasa fikiria povu hilo limekaa miaka Dar es Salaam, ambako hata chumvi mezani inalowa.

Shughuli ya heshima ikawa sendofu ya binamu yangu. Mpaka chakula kinaisha nilikuwa nimeshasifiwa na watu wa maana. Kisha ikaja foleni ya kutoa zawadi, ile ya kwenda mbele kwa kucheza. Nikaanza kuhisi mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto. Nyuma yangu zulia lilikuwa na makombo meupe, na mtoto mmoja ameshaokota moja akidhani ni keki. Nilipofika mbele ya bibi harusi mtarajiwa, soli nzima ikaachia. Mshereheshaji akasimamisha muziki, akauliza kwenye spika kama hiyo nayo ni zawadi au ifungiwe mwenyewe.

Shangazi alinifuata na mfuko wa plastiki. Nikajitetea: shangazi, hivi si viatu vya kawaida, mwezi Aprili 2023 Sotheby's, wale wa minada, waliuza jozi aliyoivaa Jordan kwenye fainali za 1998 kwa zaidi ya dola milioni 2.2. Akauliza kama ziliuzwa na soli zake.

Fundi viatu wa mtaani kwetu alizipima kwa macho tu. Gundi, alisema, inataka pa kushika, na hapa hakuna pa kushika.

Wewe mwenye Jordan za zamani juu ya kabati, zishushe leo, bonyeza kisigino kwa kidole gumba. Kikitoa unga, nenda sendofu na ndala.