Tende Ipasuliwe Kwanza

Embe tunalibonyeza, tunalinusa, kisha tunaligeuza tuone upande anaouficha muuzaji. Nazi tunaitikisa sikioni, na tikiti maji hupigwa makofi mbele za watu. Lakini tende, hasa Magharibi ya Ramadhani, hutupwa kinywani nzimanzima bila hata kuulizwa hali. Upendeleo huu si haki kwa matunda mengine, wala si salama kwa meno. Hoja yangu ni fupi: tende ipasuliwe kwa vidole na itazamwe ndani kabla ya kuliwa, iwe ya kupimiwa kwenye karatasi au ya boksi lenye utepe wa dhahabu.

Sababu ya kwanza ni kokwa, ambalo halina desturi ya kushindwa na jino. Ya pili ni mpangaji. Wapo nondo na wadudu wadogo wa ghalani wanaotaga mayai kwenye tende. Funza akianguliwa hujipenyeza ndani, akahamia kando ya kokwa na kuacha ungaunga mweusi, huku ngozi ya nje ikibaki na heshima zake. Macho ya sokoni hayafiki huko. Yanachoona ni mng'ao, na mng'ao huenda ni shira iliyopakwa. Wakati huohuo tende yenye madoa meupe hurudishwa kwa tuhuma za ukungu, ilhali mara nyingi ni sukari yake yenyewe iliyoganda, ambayo mvuke kidogo huiyeyusha. Ukungu wa kweli huota manyoya na kunuka uchachu. Basi asiye na hatia hufukuzwa, na mwenye mpangaji hukaribishwa mezani.

Watetezi wa kale watasema kwamba majahazi ya kaskazi yalileta tende za Basra na Omani hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na hakuna aliyezikagua. Ni kweli, ila zile zilishindiliwa ndani ya makanda zikashikana. Kuzibandua kwenyewe kulikuwa nusu ya kuzipasua. Wa kisasa wataitaja friza. Friza humuua mdudu, lakini haimhamishi: maiti hubaki palepale, imehifadhiwa vizuri. Mwanachuoni wa barazani naye atakumbusha kwamba madhehebu ya Shafi yanaruhusu mdudu aliyezaliwa ndani ya tunda aliwe pamoja nalo. Sawa, lakini ruhusa si mwaliko, na hakuna fatwa inayomlazimisha mtu kumtafuna. Isitoshe, katika Sunan ya Abu Dawud, Anas bin Malik amepokea kwamba Mtume aliletewa tende kuukuu, akawa anazikagua na kuwatoa wadudu. Anayepasua tende, basi, haigi uzungu.

Pingamizi zito ni la haraka: kuharakisha kufuturu ni sunna, na mwenye njaa hana subira ya kupekua sahani. Lakini sunna hiyo inahusu kufungua jua likishatua. Haikukataza maandalizi ya alasiri. Tende zipasuliwe mapema, kokwa zitolewe, wapangaji wafukuzwe, na adhana ikilia kila mtu aharakishe atakavyo. Sharti ni moja tu: sahani ifunikwe vizuri, kwa sababu sisimizi hawafungi.