Ukikabidhiwa Funguo za Mheshimiwa

Kikao cha ukoo kimekuteua kuwa msimamizi wa mirathi ya mheshimiwa, mkuu wa mkoa wa zamani. Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa kazi.

Kabla matanga hayajaanuliwa, funga chumba chake cha kazi. Watakuja tu. Kuna atakayetaka picha moja ya kumbukumbu, kuna shemeji aliyeahidiwa shamba kwa mdomo, na kuna kijana wa chama anayeulizia begi. Wote wape chai. Ufunguo usiwape.

Kisha nenda mahakamani ukathibitishwe, maana baraka za ukoo pekee hazikupi mamlaka ya kugusa hata kijiko. Sheria ya Mirathi ya Tanzania, Sura ya 352, inakudai orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Gari lenye namba ya serikali usiliandike kabisa. Rudisha.

Jiandae kwa kesi. Wasia wa Nelson Mandela ulisomwa Februari 2014, mali ikikadiriwa kuwa randi milioni 46. Wasaidizi wake walikumbukwa, shule zikakumbukwa. Winnie, waliyetalikiana naye 1996, hakutajwa. Alidai nyumba ya kijijini Qunu mahakamani, akashindwa, akakata rufaa, akashindwa tena Januari 2018. Na hapo palikuwa na wasia ulioandikwa, tena Naibu Jaji Mkuu akiwa miongoni mwa wasimamizi! Wewe uliyeachiwa maneno ya barazani utafute wakili mapema.

Sasa vuta lile sanduku chini ya kitanda. Mafaili ya kahawia, pini zimeota kutu, mchwa wameshaanza pembeni. Shika karatasi moja. Ukiona nembo ya ofisi, kumbukumbu namba na mhuri wa masijala, hiyo si ya marehemu wala si yako. Ni ya umma, hata kama imelala kwenu miaka 30. Iliyogongwa SIRI usiipige picha ukairusha kwenye grupu la familia. Barua alizomwandikia mama na shajara zake ni zenu, ila msizichome, wajukuu watazitaka.

Nasema haya kwa uchungu. Niliwahi kuuziwa karanga zilizofungiwa muhtasari wa kikao cha wilaya, saini ya mwenyekiti imelowa mafuta. Niliukunjua, nikasoma nusu ya uamuzi kuhusu kisima cha kijiji. Nusu nyingine ilikuwa imeondoka na mteja aliyenitangulia.

Nyerere na Karume walitungiwa sheria mwaka 2004 ili waenziwe na kumbukumbu zao zitunzwe. Mkuu wa mkoa wenu wa zamani hana sheria ya namna hiyo, ana wewe. Waite watu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa waje kulitazama hilo sanduku. Waite kabla masika hayajaanza.