Gauni Linalokataa Mikono Juu

Aliyebuni mkono wa popo hajawahi kugombania daladala la Mbagala asubuhi. Sina ushahidi zaidi ya gauni lenyewe. Mtu akiwa amekaa, hakuna mkono unaopendeza kuushinda: hauna mshono wa duara begani, umekatwa kwa kitambaa kimoja na kiwiliwili, na kwapa lake limeteremka kivivu hadi karibu na kiuno. Mvaaji anaonekana mtu mwenye nafasi, mtu ambaye hata chai analetewa. Tabu inaanza siku akitaka kushika bomba.

Sababu iko chini ya kwapa. Nguo ya kawaida ina kwapa la juu, limekaa karibu na mwili, kwa hiyo mkono ukipanda unapanda peke yake. Popo kwapa lake liko chini, na ule mshono unaotoka ubavuni kwenda kiwiko ni mfupi. Kiwiko kikienda juu kinavuta ubavu, ubavu unavuta kiuno, kiuno kinavuta pindo, na abiria wa siti za nyuma wanapata habari za shumizi ambazo hawakuziomba.

Wanawake wa Ulaya waliyajua haya zamani. Miaka ya 1870 na 1880 walivaa joho liitwalo dolmani, ambalo jina lake ndilo Wazungu wameupa mkono huu hadi leo. Mikono yake ilikuwa sehemu ya joho lenyewe, na mwenye kulivaa hakuweza kunyanyua mkono juu ya bega. Lakini wale walikuwa na watumishi. Sisi nguo tunaanika wenyewe, na kamba ziko juu.

Shangazi yangu hakutaka kusikia habari za Ulaya. Kulikuwa na harusi, kulikuwa na sare ya kitenge chenye ndege, na kulikuwa na picha kwenye simu yake.

"Mwanangu, nataka popo. Tena popo aliyeshiba."

Nikamwambia popo aliyeshiba haruki.

"Nani kakwambia naruka? Nakwenda harusini."

Kitenge kina upana wa kama sentimita 115. Mtu mzima akinyoosha mikono, toka kifundo hadi kifundo anazidi hapo. Ndiyo maana mikono mingi ya popo unayoiona mjini inaishia kidogo chini ya kiwiko, na mwenye gauni anakwambia ndiyo fasheni. Asiyekubali fasheni hiyo aunge mikono, au aweke mshono katikati ya mgongo. Kuna na njia ya mkato ya kushona popo, ambayo mwanakamati mmoja wa harusi alishonewa na fundi wake: kitambaa kinakunjwa begani, bila mshono wowote, mbele na nyuma kipande kimoja. Inaokoa muda. Ila mabega ya binadamu yameinama, kitambaa kilichonyooka hakiinami, na kola ikamsimama shingoni. Isitoshe, ndege wake wa mbele walikuwa wanapaa, wa mgongoni wote vichwa chini. Mjukuu wake akamzunguka mara moja, akauliza, "Bibi, hawa wa huku wamekufa?"

Mimi nilichora kwenye magazeti ya zamani, mbele na nyuma mbalimbali, mshono ukitoka shingoni na kushuka na bega hadi mkononi. Hapo ndipo unapokutana na uamuzi ambao hakuna fundi aliyewahi kuukwepa. Chora mkono umenyooka kwenda pembeni, utainuka vizuri, lakini ukiushusha kitambaa kinarundikana kwapani na mtu anaonekana ameficha kilo ya sukari. Chora mkono umeinama, nguo inatulia, lakini kuinua mkono ni mpaka uombe ruhusa. Wengi wanasimama katikati ya hayo mawili. Shangazi alitaka yote mawili.

Tukapima kwa kitambaa cha marekani kwanza, sikuthubutu kugusa ndege. "Inua mkono," nikasema. Akainua mmoja, taratibu, kama diwani anayeapishwa. Safi kabisa. Kisha akakumbuka kuwa usiku wa harusi kutakuwa na taarabu, na taarabu bila kutunza haijawa taarabu. Akanyanyua yote miwili, noti za kufikirika zikipepea, kiuno kikafuata. Pindo likapanda hadi gotini na mshono wa kwapani ukatamka neno moja: trrr.

Kona ile ya kwapani ndiyo yenye fitina. Usipouchanja mshono kwa mkasi, unakunjamana. Ukiuchanja sana, hautafika harusini. Unahitaji kutiwa utepe, na hata huo utepe hauongezi nafasi ya mkono kupanda.

Dawa ilikuwa imetundikwa mlangoni, nayo ni kanzu ya mjomba. Kanzu ya zamani ina taharizi ubavuni na kikwapa chini ya mkono, kile kipande kidogo ambacho hakuna anayekitazama. Anayevaa kanzu anainua mikono hadi karibu na masikio kila anapoanza kusali. Fundi wa kanzu, basi, hakuwa na nafasi ya kubuni urembo unaokataa mikono juu. Angerudishiwa kazi yake kabla ya adhuhuri.

Nikakata vikwapa viwili vyenye umbo la almasi, sentimita kama kumi kila upande, kwa mshazari ili vivutike. Kuvitia ndiko kunakomfanya mtu aheshimu wazee. Kila pembe, sindano isimame hasa kwenye ncha, unyanyue mguu wa cherehani, ugeuze kitambaa, uendelee bila kukanyaga mkunjo. Umeme ulikatika nikiwa kwenye pembe ya mwisho. Sishangai, huwa unasubiri pembe.

Harusini shangazi alitunza hadi mwimbaji akamtaja jina. Gauni halikupanda hata kidogo. Ila vikwapa nilivipata kwenye mabaki, na kwenye mabaki palikuwa na kichwa cha ndege, kwa hiyo kila noti ilipokwenda juu, jicho la ndege lilichungulia kutoka kwapani mwake na kurudi ndani. Meza ya upande wa bwana harusi iliacha pilau.

Juzi kanipigia. Anataka jingine.

"Hicho kikwapa, mwanangu, hakiwezi kuachwa wazi upande mmoja? Niweke hela za kutunzia humo. Mkoba unanichosha."

Nikamkumbusha joto la Dar es Salaam, na noti, na kwapa.

"Basi tia bitana," akasema, akakata simu.