Bei ya Mgeni

Jumatatu
Nimekwenda kliniki ya meno. Daktari ni binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Amenishikia kioo akaniomba nitabasamu. Nikatabasamu. Akasema, "Haya, sasa fungua mdomo, baba." Nikamwambia hilo ndilo tabasamu lenyewe. Ameandika kitu kwenye faili.

Kisha akaniuliza nimekulia wapi. Nilipomtajia kijiji, chini ya Mlima Meru, hakuuliza zaidi. Maji ya kwetu hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi zetu nyingi hazijawahi kukisikia. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya fizi, enameli hutoka na vitundu, na baadaye hushika rangi ya kahawia. Kwa meno yangu ya mbele, mambo yote yalikwisha kabla sijaanza shule.

Ili kunifariji amenieleza kwamba hata Wamarekani wa Colorado Springs walikuwa na madoa hayo hayo. Daktari McKay alianza kuyafuatilia mwaka 1901, na floraidi haikubainika kuwa ndiyo chanzo hadi 1931. Miaka 30. Wakaguzi wetu wa hesabu hawajawahi kuchelewa hivyo.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa. Usiku nimekaa nikapiga hesabu ya dawa za meno za "kung'arisha" nilizonunua tangu nianze kupata mshahara. Jumla siiandiki. Mke wangu husoma daftari hili.

Ijumaa
Daktari ana vijino 16 vya sampuli, vimepangwa kuanzia A1 hadi D4. Anavisogeza kimoja kimoja kwenye jino la mgonjwa hadi apate kinachofanana. Amevisogeza vyote. Kwenye fomu ameweka kistari.

Njia zipo kadhaa. Kuna jeli ya peroksaidi. Kuna kusugua kwa asidi na unga wa pumisi, kazi ya daktari na si ya fundi wa nyumbani mwenye limau na majivu, maana limau hula jino lenyewe na kuliacha doa. Kuna kufunika kwa kompositi. Kuna vinia za porselini, ambazo hudumu zaidi, ila jino hunyolewa kidogo na kilichonyolewa hakirudi. Sisaini mikataba ya namna hiyo. Nimechagua jeli, kisha kompositi.

Bima imejibu kwamba huu ni urembo. Nina miaka 52. Ni mara ya kwanza kutuhumiwa.

Jumapili
Jeli inawekwa kwenye trei ya plastiki iliyochongwa kwa umbo la meno yangu, nalala nayo. Mkwe wangu alipiga simu saa nne usiku. Nikiwa na trei mdomoni, niliitikia "mm" kila alipotua. Asubuhi mke wangu amepokea ujumbe wa shukrani. Nimeahidi ng'ombe.

Jumatano
Sitakiwi kunywa chai ya rangi wala kahawa, wala kula chochote chenye manjano. Leo kulikuwa na msiba kwa jirani. Nimekula wali mweupe mtupu na maji. Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea kwamba nina vidonda vya tumbo. Kufikia usiku nilikuwa nimeombewa kwenye jumuiya.

Alhamisi
Meno yanasikia baridi. Daktari anasema ni kawaida na yatatulia. Upepo wa asubuhi unaoshuka kutoka mlimani unaingia hadi kwenye mzizi, kwa hiyo nimefunga mdomo kutwa nzima. Ofisini hakuna aliyeona tofauti.

Kwenye kioo nimeona madoa meupe ambayo hayakuwapo jana. Nimepiga simu. Daktari anasema yalikuwapo siku zote. Jeli huyafanya yaonekane kwanza, ndipo yatulie.

Jumamosi
Nimekwenda kumwona mama. Ametupikia makande, na kama kawaida ameyatia magadi. Nilimweleza kwamba magadi nayo yana floraidi, na wajukuu meno yao bado yanajengwa. Akasema yeye maji huchemsha. Nikamweleza kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi inabaki palepale, na maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Akauliza kuni za miaka yote hiyo nani atamrudishia.

Nikamwambia Ngurdoto, si mbali na hapo, wataalamu wamechuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mama akaweka mwiko chini. "Yaani maji yapite kwenye mifupa, ndipo niyanywe?" Nikasema ndiyo. Wajukuu waliacha kula.

Jumanne
Baada ya jeli ilibidi kusubiri wiki mbili, kwa sababu oksijeni inayobaki ndani ya jino huzuia gundi isishike. Leo imekuwa siku ya kompositi. Daktari hakuona haja ya ganzi. Niliisisitiza. Alipaka asidi kidogo ili gundi ipate pa kung'ang'ania, akajenga jino tabaka kwa tabaka, na kila tabaka aliligandisha kwa taa ya bluu.

Ganzi ilikuwa bado mdomoni nilipopanda daladala. Midomo ilikataa kukutana. Tulipokaribia Mbauda nikapaza sauti: "Nauda!" Konda akanijibu kwa upole, "Nauli ushalipa, mzee." Nikarudia. Akawaambia abiria wenzangu kwamba nimelipa, yeye ni shahidi. Nimeshukia mwisho wa njia.

Alhamisi
Kwa miaka mingi wanachama wenye madeni wameingia ofisini kwangu wakiwa wameshaanza kujitetea mlangoni. Nilidhani ni uzito wa kanuni za chama. Leo ameingia mzee mmoja ambaye hajarejesha tangu masika. Nilimkaribisha, kwa meno. Alitulia kidogo, akavuta kiti, akakaa, akakunja nne, akaomba mkopo wa nyongeza.

Jumamosi
Soko la Kilombero. Mama anayeniuzia ndizi kwa bei ya mtu wa kwetu alinitazama usoni, akanitajia bei ya watalii. Nikamsalimu kwa Kimeru. Akashangaa. "Kakangu, umejifunza wapi vizuri hivyo?" Nilitaja jina la baba yangu, la kijiji na la mzee wa ukoo. Akanipunguzia shilingi mia mbili, kwa bidii yangu ya kujifunza.

Jumatatu
Marejesho ya mwezi huu yameshuka. Mwenyekiti ameniuliza kwa siri kama nimeokoka au nimeshinda mchezo wa kubahatisha. Nilimweleza habari za kompositi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama inaweza kutolewa kila robo ya mwaka.

Kamati imeamua ufuatiliaji wa madeni ushikwe na msaidizi wangu. Ni kijana wa Ngarenanyuki, na hakuna mtu pale ofisini aliyewahi kuona meno yake. Mchana amekuja mezani kwangu, akafunga mlango, akaniomba namba ya daktari. Nimemwambia tutalizungumza baada ya kufunga mwaka wa fedha.