Mgeni wa Mfuko Mwembamba Aomba Njia ya Kwenda Baharini

Kwa Wizara ya Utalii na Wanyamapori,
Nairobi.

MINTARAFU: ANASA YA DIANI NA WASIOWEZA KUILIPIA

Kwanza pokeeni pongezi. Diani imetunukiwa mara kadhaa na World Travel Awards kuwa ufuo unaoongoza barani Afrika, na kwenye picha za matangazo mchanga wake ni mweupe, minazi imeinama kwa adabu, wala hakuna Mkenya hata mmoja aliyekuja na chakula chake ndani ya kikapu. Kazi safi. Ila mtu huyo wa kikapu yupo, na huenda habari zake hazijafika ofisini. Hupanda treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la chini, kwa shilingi 1,500 (zilikuwa 1,000 hadi mwisho wa 2023, lakini hatukuja kulia hapa). Huvuka Likoni kwa miguu ndani ya feri isiyomtoza hata ndururu, hubanana kwenye matatu mpaka Ukunda kwa nauli ambayo hotelini hainunui juisi, kisha hulala gesti upande wa bara, mbali na upepo wa bahari. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, mchana viazi karai, jioni mishkaki ya kando ya barabara. Siku za bamvua maji yanapokupwa, hutembea juu ya mchanga uliokuwa chini ya bahari saa chache zilizopita, akachungulia vidimbwi vya miambani, na hakuna anayemletea bili. Kwa vipimo vyote vya kiserikali, huyu ni mtu anayestarehe bila kibali.

Tatizo lake ni kwamba anachokifurahia ndicho kile kile anachokilipia mgeni wa vitanda vya bei ghali. Hakuna hoteli Diani iliyotengeneza bahari, wala iliyoagiza mchanga ule wa kilomita kama 17. Hoteli huuza kivuli, shuka safi, na ukuta unaowatenga wageni wake na sisi. Bahari yenyewe imo kwenye Katiba ya 2010: Kifungu cha 62 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hiyo mtu wetu anapoketi pale na kikapu chake hajavamia mahali pa mtu, yuko kwake. Shida ni kwamba Katiba ilimpa ufuo ikasahau kumpa pa kupitia. Malalamiko kuhusu njia za umma zilizozibwa au kunyakuliwa yana miaka mingi pwani, na matokeo yake ni kwamba mfasiri mkuu wa Kifungu cha 62 leo si jaji wa Mahakama ya Juu, bali askari wa langoni mwenye kirungu na kitabu cha wageni. Hukumu yake ni fupi, na rufaa haipo. Akiwa na huruma, atakuuzia kiingilio cha mchana, yaani ruhusa ya kuogelea kwenye kidimbwi chenye dawa, hatua chache kutoka Bahari Hindi.

Kusema haki, Wizara humkumbuka mtu huyu kila msiba unapotokea. Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu usalama na kampuni za utalii zikawaondoa wageni wao pwani, tuliambiwa kwamba mtalii wa ndani ndiye uti wa mgongo. Machi 2020 ndege za kimataifa zilipositishwa mpaka Agosti, tukawa uti wa mgongo tena, na hoteli zikapata ghafla bei za wazalendo. Ndege zikirudi, uti wa mgongo hurudishwa kwenye foleni ya langoni. Sisi hatuna kinyongo. Tunauliza tu kama cheo hicho kina kiinua mgongo.

Wachumi wenu watajibu kwamba mla mahamri haendeshi uchumi; hoteli ndizo zinazolipa kodi na kuajiri vijana wa Kwale. Ni kweli hoteli zinaajiri, na hakuna mwenye akili anayetaka zifungwe. Lakini mgeni wa kifurushi amelipia kila kitu kabla hajapanda ndege, mara nyingi katika nchi nyingine, na akifika hana sababu ya kutoka nje ya ukuta. Mla mahamri hana hata shilingi moja inayoweza kukwepa Ukunda: ya kwanza ni ya mama wa mbaazi, ya pili ya tuktuk, ya tatu ya muuza madafu, na inayobaki ni ya mwenye gesti. Isitoshe, likizo ya shule ya Aprili huangukia kwenye masika, wakati hoteli zina vyumba vitupu na wafanyakazi wametumwa nyumbani bila mshahara. Msimu mnaouita mbaya ndio msimu ambao walimu na watoto wao wanaweza kusafiri. Yaani mgeni yupo na chumba kipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakutanisha kwa bei ambayo mwalimu ataielewa.

Hoja nzito zaidi ni ile ya fujo: njia zikifunguliwa, ufuo utajaa watu, takataka na wachuuzi wasiokubali hapana. Sitaipuuza. Mtu yeyote aliyeona ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi, siku ya Idi au Krismasi anajua kujaa ni nini. Lakini Bamburi hujaa kwa sababu gani? Kwa sababu Mombasa, mji wenye watu zaidi ya milioni, umeachiwa sehemu chache mno za kuingilia baharini bila kuulizwa jina. Watu wakipewa mlango mmoja watasukumana mlangoni, halafu msukumano huo utatumiwa kuwa ushahidi kwamba hawafai kupewa mlango wa pili. Kuhusu takataka, dawa yake ni pipa na mtu wa kulimwaga, na kuhusu usalama, njia pana yenye taa na choo ni salama kuliko uchochoro kati ya kuta mbili ndefu ambako hata polisi hapendi kupita.

Najua jibu la mwisho limeshapigwa chapa: ardhi si kazi ya Utalii. Mtanituma Kaunti ya Kwale, Kaunti itanituma kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na Tume itanirudisha kwa mpima ramani aliyestaafu. Kabla sijaanza safari hiyo, naomba mtazame juu mtakapopita Barabara ya Diani. Wahifadhi wametundika madaraja ya kamba juu ya lami ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, na mbega huvuka kila siku bila kuonyesha kitambulisho. Ni mpango mzuri, na ninauunga mkono kwa moyo wote. Kama bajeti ya mwaka huu haitoshi kufungua njia za watu, tafadhali tuandikieni uzito wa juu ambao kamba zile zinaweza kubeba.

Ni mimi wenu mtiifu,
Mlipa kodi, upande wa bara wa barabara