Nukta Nyekundu kwa Nyati Mweusi: Mwongozo wa Bosi Mpya wa Arusha

Bosi, hongera kwa leseni. Umepanda ngazi za ofisi, umejaza fomu, umengoja, na sasa raifo ya .375 ni yako kihalali. Msimu ukifunguliwa Julai unaingia kitaluni na mwindaji bingwa wako kumtafuta nyati. Kimebaki kile kidude ulichoonyeshwa kwenye simu pale Njiro: kioo kidogo kama kiberiti kimekaa juu ya bunduki, na ndani yake nukta nyekundu inawaka. Tangu siku hiyo hulali. Nami nataka ukipate, kwa sababu ni kifaa kizuri kweli, na nataka ukifunge sawasawa, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa vibaya hafi peke yake kwa adabu. Anaingia kichakani, na anayemfuata humo ni mtu mwenye watoto.

Vilengeo hivi vidogo vilitengenezwa viwe vyepesi kiasi cha kukaa juu ya bastola, na huko Marekani ndiko vinakoonekana zaidi. Kwa hiyo najua swali lako linalofuata. Hapana. Bastola iache kwenye sefu. Hakuna atakayekupa kibali cha kumwinda nyati kwa bastola hapa Tanzania. Kwake kipimo cha chini ni .375, na hata hiyo wawindaji bingwa wengi wanaiona ya mgeni, wao wenyewe wanabeba .416, .458 au .470. Uzuri ni kwamba kioo kilekile cha bastola kinakaa vizuri sana juu ya raifo ya nyati, kwa kuwa nyati hapigwi kwa umbali wa kujivunia. Anapigwa hatua hamsini, sitini, wakati mwingine karibu zaidi, na kwa umbali huo darubini kubwa inakujazia jicho manyoya meusi bila kukwambia bega liko wapi.

Sasa sikiliza. Hii si leza. Nimemwona mtu mzima, mwenye pesa zake, amesimama kwenye uwanja wa shabaha ametoa shingo pembeni ya bunduki anatafuta doa jekundu kwenye karatasi, huku akimlaumu aliyemuuzia. Angelitafuta mpaka Krismasi. Hakuna kinachotoka mbele. Ndani ya kilengeo kuna taa ndogo sana inayomulika kioo kilichopinda kidogo. Kioo kimepakwa utando unaorudisha wekundu na kupitisha rangi nyingine, ndiyo maana dunia ukiitazama humo inakuwa na ubluu kidogo. Mwanga unalirudia jicho lako ukiwa umenyooka, na jicho linaiona nukta kana kwamba iko mbali, kulekule aliko mnyama. Wazo hilo alilisajili Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini za nyota wa Dublin, mwaka 1900. Cha kwanza cha umeme kwa bunduki walikitoa Wasweden wa Aimpoint mwaka 1975.

Faida yake utaijua ukishavuka miaka arobaini. Shabaha za chuma zinalitaka jicho lishike vitu vitatu kwa pamoja: nyuma, mbele, na mnyama. Jicho la arobaini na tano linashika kimoja na kubahatisha viwili. Nukta inakuondolea kazi hiyo. Unafungua macho yote mawili, unamtazama nyati, nukta inakuja yenyewe juu yake. Kwa masharti kwamba umeifunga vizuri na umefanya mazoezi, lakini najua hapo umeshaanza kusoma kwa haraka.

Tuje kwenye kuchagua. Ukubwa wa nukta unaandikwa kwa MOA. MOA 1 ni karibu sentimita 3 kwa mita 100. Nukta ya MOA 6 inafunika sentimita 17 hivi kwa umbali huo, ila kwa mita 30 inafunika sentimita 5 tu, na nyati wako ndipo alipo. Chukua ya MOA 3 ikiwa utapiga pia swala wa mbali, ya 6 ikiwa mawazo yako yote ni nyati. Usinunue ya MOA 1 eti kwa sababu namba ndogo inasikika kama ya mtaalamu. Utaitafuta wakati mnyama ameshakuona.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni mwanga. Viko vilengeo vinavyojirekebisha vyenyewe, na chalii wa dukani atakusifia hilo kwanza. Fikiria sasa mahali utakapokuwa: umejibanza chini ya mgunga, kwenye kivuli kizito, nyati yuko uwandani kwenye nyasi kavu, jua la saa sita linawaka. Kifaa kinapima mwanga wa ulipo wewe. Kinasema hapa ni giza, kinapunguza nukta. Unanyanyua bunduki, nukta imemezwa na nyasi. Nimekishika kifaa kimoja cha namna hiyo nikiwa kivulini porini Longido, na nukta ilipotea kabisa nilipokielekeza kwenye mbuga nyeupe. Nilipotoka juani ikarudi. Chagua chenye vitufe vya kuongeza na kupunguza kwa kidole. Na uongeze kwa kiasi: kwenye kivuli cha jioni nukta kali inatanuka, inakuziba bega zima.

Halafu kuna kilicho wazi na kilichofungwa. Kilicho wazi kina taa iliyokaa nje, nyuma ya kioo, na tone moja la maji au punje ya mchanga juu ya taa hiyo linatosha kuipasua nukta vipande au kuizima. Watu wa Arusha tunajua asubuhi za Juni, wingu la Meru likishuka mpaka mabatini, manyunyu hayaishi. Kisha unateremka Longido au Simanjiro, unakula vumbi. Kilichofungwa pande zote ni kizito kidogo na ghali zaidi. Nunua hicho, hata ikibidi usubiri msimu mwingine.

Betri nyingi ni CR2032, ileile ya funguo nyingi za magari, kwa hiyo utaipata mjini. Uliza inaingilia wapi. Trijicon RMR, kwa mfano, ni imara kweli, lakini betri yake iko chini ya tumbo: kuibadilisha ni kukifungua kilengeo chote na kuanza upya kukihakiki. Leupold DeltaPoint Pro inafunguka kwa juu, Aimpoint Micro kwa ubavuni.

Kabla hujalipa, tazama ndani. Ukiona nukta ina mkia au imetawanyika, usianze ugomvi. Chukua simu, piga picha kupitia kioo. Nukta ikiwa safi kwenye picha, kifaa ni kizima na jicho ndilo lina kasoro ya kawaida inayorekebishwa kwa miwani. Moshi si mbali, na hospitali ya KCMC wana idara ya macho.

Kufunga ndiko kunakowaangusha wengi, kwa hiyo hapa nitakaa. Kilengeo cha pesa nyingi juu ya bamba la bei ya chee ni pesa imetupwa. Nunua bamba kwanza, la chuma, lililotengenezwa kwa ajili ya raifo yako hasa, linalokiweka kioo chini kabisa karibu na mtutu ili shavu lisipoteze kitako. Na lipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi haichezi na hilo. Mafundi wa Unga Limited nawaheshimu, wamenyanyua Kruza ambazo wengine walizizika, lakini raifo yako haichomelewi wala haitobolewi kwa drili ya springi.

Simama pale fundi akifanya kazi, na umwangalie mikono. Matundu na skrubu vifutwe mafuta yote kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Gundi ya skrubu iwe ya bluu, tone moja. Nyekundu ni ya vitu usivyotaka kuvifungua tena maishani. Kisha spana ya kupimia nguvu. Skrubu hizi ni nyembamba, zinataka kama niutoni-mita 1.4 tu, nawe fuata namba ya kiwandani. Mkono wa mwanamume anayetaka kuonekana ana nguvu unazikata vichwa. Mwisho chukua rangi ya kucha, nyeupe au ya waridi, omba kwa shemeji, uchore mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye bamba. Kila asubuhi porini utatazama mistari hiyo. Ikiachana, skrubu imezunguka, na hakuna nyati siku hiyo mpaka urudi kwenye karatasi. Mateke ya .375 yanalegeza vitu ambavyo hukudhani vinalegea.

Karatasi, basi. Uwanja unaoruhusiwa, mifuko ya mchanga, mita 50, risasi zilezile utakazoenda nazo. Piga tatu kabla ya kugusa kirekebisho. Vilengeo vingi vinasogea MOA 1 kwa kila mlio wa kirekebisho, ambayo kwa mita 50 ni sentimita 1.5 hivi. Kundi likiwa sentimita 6 kushoto, milio minne kulia. Ukifuata risasi moja moja utazunguka jioni nzima na bega litavimba. Ukishamaliza piga moja kutoka mita 5, uone inavyoingia sentimita kadhaa chini ya nukta, kwa sababu kioo kiko juu ya mtutu. Lijue hilo mapema, maana umbali huo ndio wa nyati anayekuja.

Usiziondoe shabaha za chuma. Bamba liwe la kuchomoka kwa mkono, betri ikifa au kioo kikivunjika unakitoa na kuendelea. Askari wa hifadhi wanaosindikiza wapandaji wa Meru wamebeba bunduki zenye shabaha za chuma, na nyati wa pale wanawajua kwa sura.

Na hapo ndipo mazoezi yako bora yalipo, bila bunduki. Hifadhi ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, haiwindwi. Wewe nenda kama mtalii. Panda kutoka lango la Momella kuelekea kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, ukiwa na askari, na kila mkikutana na nyati jaribu kukisia umbali, kisha mwulize askari anavyoona yeye. Utasema mita themanini, ataangalia, atasema arobaini. Mtazame mnyama akiwa ametoa kichwa tu kwenye majani, ubavu umefichwa, miguu haionekani, uniambie nukta yako ungeiweka wapi. Nyumbani, raifo ikiwa tupu na imehakikiwa tupu mara mbili, inyanyue begani mpaka nukta iwepo kabla hujaitafuta. Fanya hivyo kila jioni kabla ya taarifa ya habari.

Ukifika kambini piga risasi mbili kwenye karatasi hata kama ulihakiki wiki iliyopita. Barabara ya vumbi na mizigo ya ndege pale KIA havijali ulilipa kiasi gani. Weka betri mpya msimu unapoanza, na nyingine mfukoni, si kwenye begi lililobaki garini. Na kiwashe unaposhuka kwenye gari, bosi. Mwindaji bingwa atakaponong'ona upige, hatakungoja upapase swichi.