Usinyamaze, Ewe Mpiga Debe

Washairi wa pwani wamesifu mnazi, wamesifu na tambuu. Mimi leo namsifu mpiga debe wa kompyuta: logi ya ujenzi wa programu, ile mistari inayoporomoka kwenye skrini kila skripti inapokusanya, kunakili, kupima na kufungasha. Kama mwenzake wa stendi, hapandi basi wala haendeshi, lakini bila sauti yake nani angejua kuwa kuna safari?

Nasaba yake ni njema. Mwaka 1976, katika maabara za Bell huko Marekani, Stuart Feldman aliunda zana ya ujenzi iitwayo Make, na Make hutangaza kila amri kabla ya kuitekeleza. Ant ilipotoka mwaka 2000 ikamvalisha sare: kila mstari wa kazi ukatanguliwa na jina la kazi hiyo ndani ya mabano ya mraba, kama kondakta mwenye jina kifuani. Ikaja Maven, ikanadi kila faili inayoshushwa kutoka mtandaoni, imefika wapi na imebaki kiasi gani. Wenye masikio mepesi walisubiri hadi toleo la 3.6.1, mwaka 2019, ndipo wakapewa swichi ya kuzima mnada huo.

Sifa yake ya kwanza ni usawa. Folda imeundwa, anatangaza. Hifadhidata imefutwa, anatangaza kwa sauti ileile. Hauonei mstari mdogo kwa ajili ya mkubwa.

Ya pili ni huruma kwa mfanyakazi. Bosi akipita nyuma yako akaona skrini inatiririka, huenda zake kwa unyenyekevu. Nani amsumbue mtu anayefanya mambo mengi hivyo? Nawe unakunywa chai.

Mahasidi wake wanasema debe tupu haliachi kuvuma, wanataka afungwe mdomo. Wamejaribu. Katika Make, alama ya @ mbele ya amri huzuia isitangazwe. Zana nyingine ya ujenzi, Gradle, imempangia ngazi sita za sauti, kuanzia kosa hadi uchunguzi wa kina, na swichi ya kunyamazisha. Lakini shujaa hashindwi kwa swichi. Katika Gradle, neno ulilolichapa moja kwa moja kutoka kwenye skripti huhesabiwa kuwa la ngazi ya ukimya wenyewe, kwa hiyo hupita hata ulipoamuru kimya. Katika Ant, ujumbe wa kuchapishwa usiopangiwa ngazi huhesabiwa kuwa onyo, nao hupenya vilevile. Ukimfukuza mlangoni, utamkuta sebuleni amekalia kiti cha mgeni rasmi.

Na kimya chenyewe kina faida gani? Huduma ya ujenzi wa programu mtandaoni, Travis CI, ilizoea kuua kazi iliyokaa dakika 10 bila kutoa neno, ikidhani imekufa. Watu wakalazimika kuandika skripti za kuropoka kila baada ya muda, ili tu ijulikane kuwa kazi bado inapumua. Ni kweli kwamba huduma hiyohiyo ilikata pia kazi ambayo logi yake ilipita megabaiti 4. Lakini kufa kwa kusema sana ni kifo cha heshima.

Niliwahi kumsaliti. Ijumaa moja usiku niliamuru Gradle inyamaze. Skripti ikaisha bila hata kukohoa. Nikaingiwa na hofu: imefanya kazi, au imenidharau? Nikairudia kwa sauti ya juu kabisa. Mistari ikamwagika kama mvua ya masika juu ya bati. Sikusoma hata mmoja. Moyo ukatulia, nikalala.

Jumatatu mteja akapiga simu: programu yake ilikuwa inatumia mipangilio ya majaribio. Nikafungua logi, nikatafuta. Onyo lilikuwamo, limeandikwa wazi, kati ya mistari miwili ya kusifu faili zilizonakiliwa salama. Nilipoamuru kimya lilizuiwa mlangoni; nilipoamuru kelele liliingia likakanyagwa na umati. Wala hakuna aliyewahi kukaa na skripti ile akaiambia hili liseme, lile linyamaze. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Kwa hiyo nazidi kumsifu. Wakati mteja akinifokea, ni mimi tu nisiyekuwa na la kujitetea. Mpiga debe alikuwa amesema.